Kwa Idhini ya Nani

Mwalimu alikuwa akicheka kwanza, kisha ndipo anajibu. Ukimuuliza saa, anacheka. Ukimwambia seva imezimika, anacheka zaidi, anajifunga kanga kiunoni na kuvuta kiti karibu kama mtu aliyeandaliwa chakula. Katika miaka yote niliyofanya kazi naye pale Garsen, sikuona mtu mwingine aliyefurahia makosa ya kompyuta kiasi kile. Kosa jipya alilipokea kama mgeni wa mbali: alilikaribisha, akalisaili habari za njiani, akataka kujua lilipita mlango gani hadi likaingia.

Tulimwita Mwalimu kwa sababu alifundisha hesabu katika shule ya wasichana kabla ya kuangukia kompyuta, na jina lilimganda. Alizungumza Kiswahili cha Kipini, chenye lafudhi ya Lamu, na sisi wa Garsen tunaokichanganya na Kipokomo na Kiorma tulikuwa tukimsikiliza kwa raha hata alipokuwa anatugombeza. "Ndoo hapa," angesema, maana yake njoo, "ndoo uone mwanangu ulivyoivisha nyama na ngozi yake." Alikuwa akisoma programu niliyoiandika.

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya kinu cha kusaga mahindi. Kinu kikiwashwa, ukuta wote ulitetemeka, na unga uliingia hadi kwenye vibodi vya kompyuta, ikawa herufi tunazozitumia sana ni nyeusi na nyingine zote nyeupe. Kazi yetu ilikuwa mto. Tana ina hila moja ambayo mtu wa kuja haijui: mvua hunyesha huko juu milimani, sisi huku chini tunaota jua, kisha maji yanakuja kutuvamia chini ya mbingu safi isiyo na wingu. Kwa hiyo tulikuwa na vipimo vya kina cha maji vilivyofungwa sehemu za juu za mto, na programu ya kuvisoma. Maji yakipanda, programu ilimwonyesha mtu aliyeaminiwa kitufe chekundu. Akikibonyeza, honi zililia kwenye nguzo za vijijini na simu za watu zikapokea ujumbe wa kuhama.

Neno zito hapo ni hilo: mtu aliyeaminiwa. Hapo ndipo Mwalimu alipotia roho yake yote.

Alituambia kwamba programu yoyote ikiamka ndani ya kompyuta, ina mwenyewe. Yuko mtu aliyeiamsha, nayo inatembea kwa jina lake. Anachoruhusiwa yeye, nayo inaruhusiwa. Mlango aliofungiwa yeye, nayo imefungiwa. Shida ni kwamba kila mfumo wa kompyuta una njia yake ya kumjua mtu, na sisi tulikuwa na mifumo mitatu. Kisanduku chetu cha Garsen kilikuwa cha ule mfumo ambao Mwalimu aliuita Pengwini, kwa ndege aliye kwenye nembo yake. Ofisi ya chama cha wakulima kule Minjila ilitumia ule aliouita Madirisha. Daktari wa mifugo, aliyekuwa akizunguka malishoni na wafugaji, alibeba kompyuta yake yenye nembo ya tunda lililomegwa, ndiyo Tunda, na hakukubali kuachana nayo.

"Pengwini ni askari, ataka namba yako," Mwalimu alisema siku ya kwanza aliponieleza. "Madirisha ni karani, ataka kipande chako, na kwenye kipande umeandikwa wewe ni nani na u kundi gani. Tunda ni mama mkwe. Akujua vyema, na bado akuuliza."

Nilicheka hadi nikamwaga chai. Lakini tangu siku hiyo sikuwahi kuchanganya tena.

Katika mfumo wa namba, sifuri ndiye mkuu wa wote. Anayetembea na sifuri hufungua kila mlango, hufuta kila kitu, na hakuna wa kumuuliza. Waandishi wengi wa programu, wakichoshwa na milango, huendesha kila kitu kwa sifuri na mambo yanaisha. Mwalimu hakulivumilia hilo kabisa. Ukimpelekea kazi yako, hakuuliza inafanya nini. Aliuliza, "Kwa idhini ya nani?" Alikuwa akiliuliza swali hilo hata nje ya kazi. Alimuuliza mbuzi aliyeingia ofisini. Alimuuliza padre aliyeketi kwenye kiti chake. Kinu kikianza kunguruma katikati ya maneno yake, alitoka akamuuliza mwenye kinu, naye mwenye kinu, mwanamume mpole aliyejaa unga hadi kwenye nyusi, alijibu kila mara kwamba ni kwa idhini ya njaa.

Hawa wawili walikuwa na mambo yao. Programu yetu ilipokubali kufanya kazi kwenye mifumo yote mitatu kwa siku moja, jambo lililokuwa nadra kama mvua ya Januari, Mwalimu alitoka mbio kwenda kumwambia. Yule bwana hakujua hata kuwasha kompyuta. Alizima injini ili asikie vizuri, akasikiliza hadi mwisho, kisha akachukua debe tupu na kuanza kulipiga, na Mwalimu akacheza hapo kwenye unga huku wanawake waliokuja kusaga wakimpigia vigelegele bila kujua anasherehekea nini.

Sasa, msidhani mwanamke huyu mwenye kuuliza idhini za watu alikuwa na nidhamu hiyo yeye mwenyewe. Hapana. Nyumba yake aliiacha wazi mchana kutwa. Alichukua pikipiki ya jirani akamwarifu akiwa ameshafika Kau. Siku moja rafiki yake alilazwa, saa za kuwaona wagonjwa zikawa zimepita, na Mwalimu akaingia wodini kwa hatua ndefu akisema yeye ni daktari. Muuguzi akamuuliza daktari wa nini. Akasema, wa kompyuta, na akaendelea kutembea. Nilipomkumbusha kwamba ndilo jambo analotukataza, programu kuvaa cheo kisicho chake ili ipite mlangoni, hakuona haya hata kidogo.

"Mimi huazima koti, nalirudisha," alisema. "Yenu hulala nalo."

Na kweli, hilo ndilo alilotufundisha kuliko yote. Programu yaweza kuazima ukubwa kwa kazi moja ndogo inayouhitaji, lakini kazi ikiisha iuvue pale pale, kabla haijagusa kitu kingine. Kila tulipoazima, alisimama nyuma ya kiti changu akinihimiza kwa kunigonga bega: rudisha, rudisha, rudisha.

Alikuwa na majivuno. Hilo nalo lazima niliseme, maana ndilo lililotuletea siku ya arusi ya Minjila. Tulipomaliza kuweka programu kwenye kompyuta ya chama cha wakulima, Mwalimu aliwakusanya watu wa pale akawaonyesha kile kitufe chekundu, tulichokuwa tumekiacha kikionekana kwa majaribio hata mto ukiwa chini. Aliwaambia kwamba wanakamati walioandikishwa tu ndio wanaoweza kukitumia. Wengine wote, akasema huku amejishika kiuno, bonyezeni mpendavyo, itawakataa.

Karani wa chama, kijana mmoja mtaratibu aliyeitwa Komora, hakuwa ameandikishwa bado. Alikuwa mtu wa kuamini anachoambiwa. Asubuhi moja ya jua kali, akiwa na wageni ofisini, alitaka kuwaonyesha jinsi mashine inavyomkataa mtu asiye na idhini. Akabonyeza.

Haikumkataa.

Honi zililia kutoka Minjila hadi mitaa ya Garsen. Mimi na Mwalimu tulikuwa ofisini, tukasikia, tukatazamana, tukatazama kipimo cha mto kwenye kioo cha kompyuta. Mto ulikuwa umelala chini kabisa. Mwalimu akanyakua funguo za pikipiki, ambayo bila shaka haikuwa yake, nami nikaparamia nyuma.

Tulichokikuta sijakiona tena. Ng'ombe wa wafugaji wa Kiorma walikuwa wameijaza barabara ya lami yote, pembe kwa pembe, malori yamesimama nyuma yao yakilia. Na katikati ya ng'ombe kulikuwa na arusi. Ilikuwa inaandaliwa Minjila asubuhi ile, na honi zilipolia hakuna aliyetaka kuuachia mto pilau. Wanaume walibeba masufuria kwa miti mabegani, wali ukifuka moshi. Bibi arusi alitembea mbele, gauni amelishika kwa mkono mmoja na kifuniko cha sufuria kwa mkono wa pili, hina ikiwa haijakauka. Wazee walibeba mazulia. Bwana arusi alibeba bibi yake mzaa mama mgongoni, na bibi huyo alikuwa akimwelekeza njia kwa fimbo. Wote walikwenda hadi kwenye mwinuko kando ya barabara, wakageuka kutazama mafuriko, na hakukuwa na mafuriko. Kulikuwa na jua, na vumbi, na mbwa mmoja aliyebaki nyuma akija polepole.

Mwalimu alishuka kwenye pikipiki akapanda juu ya jiwe. Angeweza kusema mitambo imeharibika. Watu husema hivyo kila siku na hakuna anayewauliza zaidi. Yeye alisema, "Mto haujafanya kitu. Ni mimi. Kosa ni langu, karani musimguse."

Kisha yule bibi aliyekuwa mgongoni akaanza kucheka, kicheko chembamba cha mtu asiye na meno, na bwana arusi aliyembeba akatikisika naye, na mara mwinuko wote ukashikwa. Mazulia yakatandikwa pale pale. Pilau ililiwa na wenye arusi, wachunga ng'ombe, madereva wa malori na sisi wawili, na nadhani ndiyo arusi iliyohudhuriwa na watu wengi zaidi kupata kuonekana huku kwetu, bila kuhesabu ng'ombe.

Lakini mzee mmoja wa Kiorma, Mzee Guyo, hakula. Alimngoja Mwalimu amalize kunawa, akamwuliza kwa upole, "Mwalimu, siku nyingine honi ikilia, mimi nitajuaje kama ni mto au ni wewe?"

Mwalimu alifungua mdomo na hakucheka. Nilikuwa karibu naye, niliona.

Kosa lenyewe tulilipata jioni hiyo. Programu ilikuwa inauliza kompyuta namba ya aliyeiamsha. Namba ndogo kabisa, zilizo chini ya zile za watu wa kawaida, ni za kompyuta yenyewe na wasimamizi wake, na Mwalimu alikuwa ameandika kwamba hizo zipite bila kuulizwa. Kwenye Pengwini hilo lilifanya kazi. Lakini Madirisha hayana namba za watu za namna hiyo, yana vipande. Chombo chetu cha kuandikia programu, kikiulizwa namba mahali pasipo na namba, kilirudisha hasi moja, yaani hakuna jibu. Na hasi moja ni ndogo kuliko namba zote tulizozijua. Programu ikamtazama Komora, ikaona mtu mdogo kuliko sifuri, ikampa heshima kuliko mkuu.

Hapo ndipo kicheko kilipomrudia. Alicheka hadi akakaa sakafuni juu ya unga. "Asojulikana," alisema akipangusa machozi, "nimemfanya sultani."

Kulirekebisha hakukuwa na kazi. Kila mfumo sasa uliulizwa kwa lugha yake, na jibu la sijui likawa na maana moja tu, nalo ni hapana. Swali la Mzee Guyo ndilo lililomkosesha raha. Kama watu hawaiamini honi, alisema, heri tuing'oe, maana honi isiyoaminiwa ni mbaya kuliko kimya. Siku ya maji, ng'ombe na watoto watakuwa bado bondeni wakibishana. Mwishowe aliamua kwamba onyo likitoka, litoke na jina. Ujumbe utamtaja mtu aliyebonyeza, kijiji chake, na simu yake, ili yeyote mwenye shaka ampigie.

Likaja jambo la nani aandikishwe. Wakulima walitaka kitufe kiwe chao kwa sababu ofisi ni yao. Wafugaji walisema wao ndio wanaokuwa karibu na maji, na mkulima hawezi kuamua ng'ombe wao wahame lini. Mkutano ulifanyika katika darasa la shule, na kwa muda maneno yalikuwa makali, kwa maana pande hizi mbili zina historia yake na hakuna aliyeisahau. Mwalimu alisikiliza, kisha akawaeleza kwamba mashine haimlazimishi mtu awe wa kundi moja. Mtu mmoja aweza kubeba makundi mengi kwa wakati mmoja. Kwa Pengwini huwa yamefuatana na namba yake, kwa Madirisha yamechorwa kwenye kipande.

Mzee Guyo hakuridhika. Alisema mashine inaweza, lakini mtu je? Mtu ana upande wake.

"Mzee wangu," Mwalimu akasema, "bintiyo kaolewa na nani?"

Darasa zima lilijua. Binti yake, Hawa, alikuwa ameolewa na mkulima, Mpokomo, na alikuwa akilima mpunga mkono huu na kukamua mkono ule. Mzee aliinama, mabega yake yakaanza kutikisika, na alipoinua uso alikuwa anacheka. Hawa ndiye aliyeandikishwa wa kwanza, katika makundi yote mawili. Komora alifuata, na aliomba mwenyewe aingizwe kwa wafugaji pia, akasema ana mbuzi wawili. Walimkubalia.

Maji yalikuja mwaka uliofuata, tena kama kawaida yake, mbingu ikiwa safi. Vipimo vya juu vilipanda asubuhi, navyo havikutania. Kitufe kilijitokeza kwa Hawa, aliyekuwa ameingia kwa jina lake kwenye kompyuta ya daktari wa mifugo, wakiwa pamoja malishoni. Kompyuta ilimuuliza, kama ilivyo tabia ya Tunda, kama ana hakika. Hawa alitusimulia baadaye kwamba aliijibu kwa mdomo kwanza, kwa Kiorma, ndipo akabonyeza.

Honi zikalia. Watu wa Minjila walitoka wakatazama juu, wakaona jua lile lile la arusi. Sisi ofisini tulikuwa tukiangalia vipimo vikizidi kupanda. Kisha tukaambiwa yaliyokuwa yakitokea: simu ya Hawa haikunyamaza. Kila mtu alimpigia. Wote waliuliza neno moja, ni wewe? Naye akawajibu neno moja, ni mimi. Na wa kwanza kuinua fimbo na kugeuza ng'ombe kuelekea barabarani, bila kupiga simu kwa yeyote, alikuwa baba yake.

Alasiri ya siku ya pili bonde lote lilikuwa maji. Mahindi yalikwenda, na ndizi, na nyumba kadhaa za udongo ziliyeyuka. Hilo halikuwa dogo, na kulikuwa na watu waliolia. Lakini hakuna aliyezikwa. Pale kwenye mwinuko niliona Wapokomo wakikinga maziwa ya Waorma kwa vikombe vya plastiki, na mtu mmoja aliyehama na jogoo kwapani akikataa katakata kumweka chini. Mwalimu alifika akiwa amevaa mabuti ya mvua ya mtu mwingine, makubwa mno. Alipomwona Hawa alijaribu kumkimbilia, mabuti yakabaki kwenye tope, akafika pekupeku, na wakashikana wakazunguka hadi wakaanguka wote wawili.

Aliacha kazi baada ya hapo, si mara moja, lakini haukupita muda mrefu. Alirudi Kipini. Kila tulipokwama tulimpigia simu, naye alitusaidia huku akicheka, hadi siku moja akaniambia nije kwake na kompyuta yangu. Nilikwenda nikidhani anataka kurudi. Nilikuwa nimekwisha pangusa kiti chake.

Nilimkuta uani anapaa samaki. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mwalimu," akaitika marahaba, akanawa, akaniambia nimfutie jina lake katika mifumo yote. Nilisema hapana. Nilimwambia hakuna anayeijua programu ile kama yeye, na kwamba mto ukituamkia vibaya tutamhitaji awe na mlango wa kuingilia. Sauti yangu ilikuwa imeanza kupanda.

Alinisubiri ninyamaze. Kisha akanieleza jambo ambalo kwa miaka yote hatukuwa tumelizungumza sana, maana lilikuwa mstari mdogo tu ndani ya programu. Mtu mkuu akitaka kuushusha ukuu wake, lazima aanze kutoka katika makundi, ndipo avue jina. Akivua jina kwanza, hana tena nguvu za kujitoa kwenye makundi, na yatabaki yamemng'ang'ania. Wakulima na wafugaji, alisema, alikwisha waaga, mmoja mmoja, nyumba kwa nyumba. Limebaki jina.

Nikafanya. Nilipomaliza niliigeuza kompyuta kwake, nikasema tayari.

"Si tayari," akasema. "Bado kujaribu. Nikiweza kurudi, sikutoka."

Akavuta kiti karibu. Akaandika jina lake, akaandika nenosiri lake kwa vidole vyenye magamba ya samaki, akabonyeza. Mashine ilifikiri kidogo. Kisha maandishi mekundu yakatokea. Akayatazama kwa muda, na ghafla akapiga makofi, akacheka hadi jirani akachungulia juu ya makuti ya ua kuuliza kuna nini. Mwalimu akamwambia aje asikie. Akanisukumia kompyuta.

"Soma kwa sauti."

Nikasoma: idhini imekataliwa.

Akafumba macho kama mtu aliyeonjeshwa kitu kitamu, akaniambia nisome tena. Nikasoma tena, na safari hii nami nilikuwa nacheka.